Nilivyoshikishwa Mtoto Yide Lu

Mimi ni mtu wa risiti. Ukiniambia mzigo umetoka, nataka kuona karatasi. Ukiniambia jini limekutokea, nitakuuliza lilivaa nini na nani mwingine aliliona. Basi elewa ninavyojisikia kukaa chini nikusimulie jambo ambalo sina karatasi yake, wala shahidi, isipokuwa mwanamke mmoja wa Kichina ambaye hataki kulizungumzia. Lakini lilitokea. Halikumtokea shemeji wa rafiki yangu. Lilinitokea mimi mwenyewe, hapa Guangzhou, mchana kweupe, nikiwa nimeshiba na sijameza hata kidonge cha mafua.

Nasema mchana kwa makusudi, maana najua unasubiri usiku. Usisubiri.

Kazi yangu hapa ni kuwasemea watu bei. Mfanyabiashara anatua uwanja wa ndege wa Baiyun, fedha ziko kiunoni, Kichina hana. Mimi nampeleka Shahe kwenye nguo na Yide Lu kwenye midoli na madaftari, nabishana kwa niaba yake, nasimamia mzigo ukifungwa, nahesabu, halafu nahesabu tena. Nina sifa mbili tu duniani: sichoki kubishana, na nikinyanyua kitu kwa mkono nakutajia uzito wake kabla mizani haijasema. Kwa mizigo ya ndege, ambako kila kilo ina bei yake, mkono kama huo ni mtaji.

Sasa, Neema. Neema ni binti wa Iringa, yuko hapa kwa ufadhili, anasomea uhifadhi wa picha na nyaraka za kale. Mimi namwita Dokta tangu hajaandika hata sura ya kwanza ya hiyo tasnifu yake, na yeye ananiita Kaka Bei. Siku moja akaja na shida. Kuna maktaba kule Ayalandi inayokusanya vitu vya kale vya watu wao, nyimbo, hadithi za wazee, barua, picha, inavigeuza kuwa faili na kuviweka mtandaoni ili mtafiti yeyote, hata aliyekaa Iringa na simu yake, avione.

"Kwa bei gani?" nikauliza.

"Bure."

"Bure kabisa? Sasa wao wanapata nini?"

"Wanapata kutokupotea, Kaka Bei."

Akanieleza kwamba Waayalandi walitawanyika dunia nzima kwa meli, na vitu vyao vikatawanyika nao. Mmoja wao, karani wa forodha, aliishi Guangzhou enzi hizo na mkewe na kamera yake. Alipoondoka aliacha sanduku la picha katika nyumba aliyopanga. Na hizo picha ni za vioo. Zamani, kabla ya filamu, picha ilipigwa juu ya kioo kilichopakwa utando wa dawa. Familia ya Kichina ililitunza lile sanduku vizazi vyote hivyo, na sasa ilikuwa imekubali vioo vinakiliwe. Kuvisafirisha haikuwezekana. Utando ulikuwa unabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Vingine vingenyanyuliwa mara moja tu, basi.

Kazi hiyo ya kunakili maktaba ilimpa Dokta, naye alitaka nimtafutie studio, maana kila alikokwenda alikuwa anatajiwa bei ya Mzungu.

Nikampeleka kwa Liang. Huyu ni mama wa makamo, mjane, ana studio ghorofani nyuma ya Yide Lu. Kila siku anapiga picha blauzi za Shahe zinazouzwa mtandaoni, kisha kwenye kompyuta anafuta makunyanzi, madoa na nyuzi zinazoning'inia. Nilimwita laoban, yaani bosi, kama tunavyomwita kila mwenye duka. Wakati Dokta yuko chumba cha ndani akipima meza ya taa, mimi na laoban tulikuwa kwenye kalkuleta. Hapa bei haisemwi, inabonyezwa. Anabonyeza, anakusukumia. Unacheka, unafuta, unabonyeza ya kwako, unamrudishia. Nilishusha mpaka nikaona kalkuleta yenyewe inaona haya.

Halafu, kwa mazoea tu, nikaomba nyongeza. Si ndivyo tulivyo? Bei ikishakubaliwa hatuondoki hivi hivi, lazima nyanya moja juu ya fungu. Nikamwambia, laoban, na utatusafishia. Madoa, vumbi, uchafu wote, bure. Akafikiri kidogo, akakubali. Sikumwambia Dokta. Nilitaka aje akute picha zinang'aa, aseme, Kaka Bei, wewe kiboko.

Kazi ikaenda vizuri, isipokuwa kioo kimoja. Baada ya kupigwa picha na kunyanyuliwa mezani, utando wake wote ulibanduka ukaanguka chini vipande vipande kama maganda ya kitunguu. Dokta alilia. Kilikuwa kile kile alichokuwa anakisubiri bibi mmoja kule Ayalandi, mjukuu wa yule karani, mtu mzima wa fimbo. Kisha akajifariji kwamba angalau faili ipo. Akasafiri kwenda kwenye kongamano la chuo huko Wuhan, akaniachia maagizo: nenda kwa Liang, hesabu vioo, hesabu faili, zikilingana pokea diski.

Kazi ya kuhesabu! Angempa nani mwingine?

Nilifika Yide Lu saa saba mchana, na hapo nilikosea, maana saa saba Wachina wanalala. Kama hujawahi kuona, hutaamini. Soko lile lina kelele za kumtoa nyoka shimoni, lakini baada ya chakula linazimwa kama redio. Wauza kamba wakavu wameinamisha vichwa juu ya kaunta. Wauza kalamu wamejifunika makoti. Mabaunsa wa stoo wamelala juu ya mabelo. Unapita katikati ya watu wengi walio hai na hakuna anayekuona. Studio ilikuwa imefungwa mpaka saa nane, na mvua ikashuka, ile mvua ya Guangzhou isiyoanza kwa manyunyu. Nikajibanza chini ya turubai la duka la midoli, kati ya magunia ya dubu wa manyoya.

Hapo ndipo nilipomwona. Mwanamke wa Kizungu, kijana bado, amesimama mwisho wa turubai. Gauni refu jeusi, kola imefika kidevuni, shingoni bruchi, yaani pini ya pambo, ya fedha yenye umbo la kinubi. Sikushtuka. Mji huu watu wanakodisha nguo za kale kwenda kupigwa picha, nimeona hadi wafalme wakila tambi. Nilichokiona, kwa sababu jicho langu ni la kukagua bidhaa, ni kwamba mvua ilikuwa inaruka kutoka lami mpaka magotini mwangu, na viatu vyake vilikuwa vikavu.

Mikono alikuwa ameikunja kifuani, kama aliyebeba kitu. Hakikuwapo kitu. Na uso wake, sijui nikwambieje. Ulikuwa uso wa mtu aliyesimama kwenye foleni tangu asubuhi na dirisha linafungwa.

Akanigeukia, akasema, "Nishikie kidogo."

Usiniulize alisema kwa lugha gani. Nimejiuliza mwenyewe mara nyingi kuliko utakavyoniuliza wewe. Nililisikia neno na nikalielewa, basi. Na kabla akili haijafanya kazi, mikono ilishatoka. Kwetu mama akikunyooshea mtoto huulizi jina wala kabila. Unapokea, unamweka begani, anakwenda kufanya shida zake. Nimeshika watoto wa watu kwenye foleni za benki, za hospitali, za ubalozi. Mikono yangu haikungoja ruhusa.

Uzito ukaingia. Kilo tano na robo. Nakwambia kilo tano na robo, na mkono huu ulikuwa haujawahi kubishana na mizani. Uvuguvugu kifuani, na kitu kama pumzi kikanipuliza chini ya sikio. Nikatazama chini ili nimwone, kama mtu yeyote anavyofanya, kuona ni wa kike au wa kiume.

Hapakuwa na kitu. Niliona shati langu, na mikono yangu imekunjwa juu ya hewa.

Nilipoinua macho, yule mama alikuwa keshaingia kwenye mvua, anakwenda upande wa lile kanisa kubwa la mawe, taratibu, mikono yake imening'inia ubavuni kama ya mtu aliyetua mzigo baada ya safari ndefu. Lori dogo likapita kati yetu. Lilipokwisha kupita, barabara ilikuwa na mvua tu.

Wewe ungefanya nini? Utasema ungetimua mbio ukaiachia mikono. Jaribu. Hewa unaweza kuiangusha, lakini kitu kinachopumua huwezi. Nikasoma Ayatul Kursi, kwa sauti, hadi mwisho, nikarudia tena toka mwanzo. Ule uzito haukuondoka. Ulilegea, ukajilaza vizuri begani. Ulikuwa umelala! Nikajiuliza, shetani gani huyu anayebembelezwa na Ayatul Kursi? Na kuanzia hapo, kusema kweli, hofu ikapungua, ikabaki ile ya kawaida ya mtu aliyeachiwa mtoto na mama haonekani.

Saa nane, mvua ikiwa imekatika, nikapanda ngazi za studio. Laoban alikuwa ndiyo kwanza anainua kichwa, alama ya mkeka ipo shavuni. Akanitazama mikono.

"Pengyou, rafiki yangu, umebeba nini?"

"Nionyeshe kazi kwanza," nikamwambia.

Akafungua kompyuta. Nikahesabu vioo kwenye sanduku lao kwa macho, nikahesabu faili, nikarudia. Zililingana. Hata kile kioo kilichobanduka, faili yake ilikuwapo. Mtu mwingine angepokea diski akaenda kula. Nikamwambia anionyeshe moja moja. Meli. Ghala. Makarani wamepanga mstari, weupe pe, hakuna vumbi, hakuna alama. Kazi safi. Na ile ya kioo kilichobanduka ilipotokea, nikakaa chini bila kuambiwa.

Ni yeye. Gauni lile, kola ile, bruchi ile ya kinubi. Amekaa kwenye kiti mbele ya mlango, mikono imekunjwa mapajani, haina kitu. Na alikuwa ananitazama. Hakutazama kamera. Alinitazama mimi.

"Laoban, simu yangu iko mfuko wa shati. Mpigie Dokta. Weka sauti juu."

"Wewe huna mikono?"

"Imejaa."

Akanitazama tena, lakini akapiga.

"Kaka Bei! Hesabu imekubali?"

"Imekubali. Dokta, hii picha ya mama mwenye bruchi. Ameshika nini?"

"Amemshika mtoto," Neema akasema. "Zamani kupiga picha kulichukua muda, ukitikisika unatoka kama moshi. Yule mtoto hakutulia, ametoka moshi mtupu mapajani mwa mama yake. Kwa nini?"

"Moshi haupo."

Nikasikia mlango ukifungwa, ametoka nje ya kongamano.

"Haupo vipi? Niliuona kwenye kioo kwa macho yangu! Kaka, mtoto yule alifia hapo hapo Guangzhou. Yule bibi wa Ayalandi ni binti wa mdogo wake. Hakuna picha nyingine. Kaburi lenyewe halijulikani liko wapi. Ile faili ndiyo mtoto mwenyewe. Nani ameufuta?"

Nani ameufuta? Nyanya juu ya fungu imeufuta. Nikamweleza habari ya nyongeza. Hakunitukana. Heri angenitukana.

"Faili ya mwanzo," akasema. "Ile kabla ya kusafishwa. Mwombe hiyo."

Nikamwomba. Laoban akatikisa mkono. "Meiyou." Hakuna. "Zile chafu nafuta, zinajaza kompyuta. Nani anataka blauzi yenye uzi?" Akawaza. "Labda kwenye kadi ya kamera. Pale nazo nimefuta, lakini sijapiga juu yake."

"Asipige!" Neema akapiga kelele kwenye simu. "Kaka, mwambie asipige hata picha moja! Ya zamani inaweza kurudishwa mpaka pale mpya itakapoandikwa juu yake. Ikiandikwa, basi tena."

Nikageuka. Kamera ilikuwa kwenye miguu yake mitatu, taa zinawaka, na mbele yake limetundikwa rundo la blauzi. Mteja wa Shahe, bwana mwenye mkufu, alikuwa mlangoni anatazama saa.

Laoban akaniambia waziwazi: mteja huyu ni wa kila wiki, wewe na Dokta wako ni wa mara moja. Akachukua kalkuleta, akabonyeza bei ya kusimamisha kazi, akanisukumia.

Sasa nione mimi. Miaka yote niliyokaa nchi hii sijawahi kusukumiwa kalkuleta nikaiacha bila kuijibu. Vidole vilikuwa vinawasha. Lakini ningebonyeza vipi? Nikiondoa mkono wa kulia, mgongo wake unabaki hewani. Nikiondoa wa kushoto, ndio kabisa. Nikabaki nimeitazama ile bei kama kondoo. Nikatafuta maneno yangu ya sokoni, ghali, punguza, rafiki, mwisho bei gani, yote hayafai. Nikapata moja.

"Haizi," nikasema. Mtoto. "Laoban, haizi."

Alidhani nazungumzia picha. Kisha akadhani nina wazimu. Akazunguka meza akaja mpaka nilipokaa, nadhani anitoe nje. Akanishika kiwiko cha kushoto. Akakiinua kiwiko changu juu kidogo, kama mkunga anavyomrekebisha mama mgeni, na mkono wake mwingine ukaja taratibu ukajikunja juu ya hewa, karibu na bega langu. Ukakaa hapo. Nikaona vidole vyake vinazunguka kitu cha ukubwa wa chungwa kubwa.



"Kichwa," akasema polepole. "Unamwachia kichwa kinaning'inia. Shika kichwa."

Alikwenda akaichomoa kadi kwenye kamera. Mteja wa Shahe akaanza, kontena linafungwa leo, laoban, leo!

"Leo kamera inaumwa," akamjibu. "Nenda kanywe chai."

"Inaumwa nini? Taa si zinawaka?"

"Nimesema inaumwa!"

Tukakaa mpaka alasiri. Ile programu ya kufufua faili inakwenda kwa mwendo wake, mstari unasogea, unasimama, unasogea. Neema yuko kwenye simu anaelekeza, mimi natafsiri na mikono inakufa ganzi. Mara mbili yule kiumbe alitikisika na mara mbili nilijikuta namwimbia wimbo ambao nilidhani nimeusahau. Laoban alijifanya hasikii. Faili zikawa zinarudi: blauzi, meli, blauzi, nusu ya ghala, nyingine zimeoza rangi. Tulianza kukata tamaa, hata Neema.

Kisha yule mama akarudi. Mlango, kiti, gauni. Na mapajani, moshi. Moshi mweupe wenye umbo la kitu kinachorusha miguu, na upande mmoja, ukitazama vizuri, sikio dogo, zima, halikutikisika.

Macho ya mama yalikuwa yametazama chini, kwa mtoto.

Nikamwambia laoban afungue ile iliyosafishwa, aiweke kando. Akaifungua. Anatazama mbele. Akafungua tena hii. Anatazama chini. "Macho sikuyagusa," laoban akasema, na akarudia akiapa kwa mama yake mzazi. "Nilifuta moshi tu. Macho kwa nini niyaguse?"

Wakati huo huo kisigino kidogo kikanipiga ubavuni, teke moja la furaha, na mikono yangu ikawa mitupu. Mitupu kabisa. Ikapanda juu yenyewe, kama unaponyanyua ndoo uliyodhani imejaa. Begani, kwenye shati, kulikuwa na doa la unyevu la ukubwa wa mdomo wa mtoto. Sikuwa nimeingia mvuani, nakukumbusha.

Laoban aliliona lile doa. Akachukua kalkuleta yake, akafuta ile bei, akaiweka kwenye droo.

Siku hizi picha ile iko mtandaoni, na moshi wake. Neema aliandika maelezo yake mwenyewe, na hakuandika kwamba ina dosari. Aliandika: mama na mtoto. Yule bibi wa Ayalandi alituma ujumbe kwamba ameikuza mpaka lile sikio likajaa kioo cha kompyuta, na kwamba ni sikio la kwao. Neema aliporudi kutoka Wuhan aliwasha mshumaa kwenye kanisa la mawe. Mimi nilikaa nje kwenye ngazi, nikitazama watu wanaoingia na kutoka.

Mkono wangu wa kushoto umeharibika. Hauumi, lakini hesabu yake haiko sawa tena. Kila ninachonyanyua, unaongeza kilo tano na robo. Vijana wa kago wananicheka, nalazimika kusubiri mizani kama watu wengine. Nimeenda hospitali mbili, zote zimesema mzima. Na mvua ikininyeshea Yide Lu saa saba, watu wamelala, hujikuta nimesimama chini ya lile turubai na mikono imekunjwa tayari, kama mjinga.

Kwa hiyo nakuonya, wewe uliye na sanduku la picha za bibi yako na kijana wa studio amekwambia atakung'arishia. Kabla hujamruhusu afute doa, muulize mzee yeyote aliyebaki kama lile doa lilikuwa na jina. Na nyongeza usiombe.

Na mama akikunyooshea mtoto barabarani, hata kama humwoni, pokea. Ila shika kichwa.